Matokeo ya LDAP yanayokatika njiani: dalili, sababu na tiba kwa wanaosoma saraka kwa Java

"Mwanangu, hawa watu wenu mbona kila siku ni elfu moja kamili? Hapa watu wanastaafu, wengine wanafukuzwa, wengine Mungu anawachukua. Idadi haisogei?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee wa idara ya mishahara, katika kampuni moja hapa Mombasa niliyokuwa nikiifanyia kazi. Sikuwa na la kumjibu. Programu yetu ilikuwa ikisoma saraka ya wafanyakazi kila usiku na kutoa ripoti, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyeisoma. Wiki ile tulikuwa tumeiunganisha na kadi za geti: asiyeonekana kwenye saraka, kadi yake inazimwa. Saraka ilikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Programu iliwaona elfu moja, ikaandika "imekamilika", ikawazimia kadi waliobaki. Saa kumi na mbili asubuhi foleni ya geti ilikuwa imefika barabarani, na askari wa zamu ananipigia simu kana kwamba mimi ndiye niliyewafungia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika pembeni kila hitilafu ya aina hii ninayoletewa na wenzangu. Zinajirudia, na karibu zote zina mzizi mmoja. Matokeo ya LDAP, yaani itifaki ambayo programu huitumia kuiuliza saraka, hayaji kwa pamoja. Kwa mujibu wa RFC 4511, waraka wa kanuni zake, seva hutuma ingizo (rekodi moja, mfano ya mtu mmoja) baada ya jingine, kila moja ni ujumbe wa `SearchResultEntry`. Katikati inaweza kuchomeka rejea, `SearchResultReference`, yaani "kaulize kwingine". Mwisho kabisa hutuma `SearchResultDone` yenye namba ya hali. Sifuri maana yake mambo shwari. Namba nyingine yoyote maana yake kuna neno. Ni kama karani anayehesabu magunia yanayoshushwa jahazini pale Bandari ya Kale: gunia la mwisho aliloliona si lazima liwe la mwisho lililomo. Mpaka nahodha aseme "yamekwisha", hesabu ya karani ni ya muda. Programu nyingi nilizokagua huhesabu magunia na kuondoka bila kumsikiliza nahodha.

Mifano mingi hapa chini ni ya JNDI, maktaba ya kusoma saraka inayokuja na Java yenyewe. Penye UnboundID LDAP SDK, maktaba nyingine ya Java ya kazi hiyohiyo, nitasema.

## Dalili: idadi ni kamili mno, na hakuna hitilafu iliyoandikwa

Ukiona 1000 au 500 bila pungufu wala ziada, shuku kabla ya kushukuru. Active Directory, saraka ya Microsoft, kwa chaguo-msingi haitoi zaidi ya maingizo 1000 kwa utafutaji mmoja. Kikomo hicho kinaitwa MaxPageSize. OpenLDAP, seva ya saraka ya programu huria, kwa chaguo-msingi huishia 500. Ukivuka, seva hukupa hayo ya mwanzo kisha hutuma namba 4, na JNDI huigeuza kuwa `SizeLimitExceededException`.

Sasa, kama hitilafu hiyo hutupwa, kwa nini hukuiona? Anza hapa, maana ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote: kitanzi chako kimeandikwa kwa `hasMoreElements()` badala ya `hasMore()`. Mbinu zote mbili zimo ndani ya `NamingEnumeration` na zinafanana kama mapacha, ila tabia ni mbali. `hasMore()` hukutupia hitilafu usoni. `hasMoreElements()` haina ruhusa ya kutupa `NamingException`, kwa hiyo sehemu ya JNDI inayoongea LDAP huimeza na kukurudishia `false`. Kitanzi kinatoka kwa heshima zote, kana kwamba kazi imekwisha. Sisi ndivyo tulivyofanya. Herufi chache tu, na watu wamesimama juani.

Usiishie kutafuta jina hilo peke yake kwenye msimbo. `Collections.list()` ndani yake huita `hasMoreElements()`, na `asIterator()` iliyokuja na Java 9 nayo vilevile. Mtu anaandika mstari mmoja mzuri wa kisasa, hitilafu inamezwa ndani kwa ndani.

Sababu ya pili: umeizuia mwenyewe. Kuna `catch` tupu, au inayoandika ujumbe wa kiwango cha chini ambao logi za uzalishaji hazionyeshi. Ya tatu: mtu aliweka `setCountLimit` kwenye `SearchControls` wakati wa majaribio akaisahau. Na ujue kuweka sifuri hapo hakuvunji kikomo cha seva. Sifuri husema tu kwamba wewe mteja huna kikomo. Mwenye nyumba bado ana chake.

Ukisharudisha `hasMore()`, hitilafu itaanza kuonekana, na hilo ni jambo jema. Tiba yake ni kusoma kwa kurasa, kwa kidhibiti cha RFC 2696:

```java
byte[] kuki = null;
do {
    ctx.setRequestControls(new Control[] {
        new PagedResultsControl(500, kuki, Control.CRITICAL) });
    NamingEnumeration<SearchResult> matokeo =
        ctx.search(mzizi, kichujio, mipaka);
    try {
        while (matokeo.hasMore()) {
            orodha.add(matokeo.next());
        }
    } finally {
        matokeo.close();
    }
    kuki = somaKuki(ctx.getResponseControls());
} while (kuki != null);
```

`somaKuki` utaiandika mwenyewe: inapekua vidhibiti vya jibu, inatafuta `PagedResultsResponseControl`, inarudisha kuki yake, yaani alama ya seva ya kukumbuka ulipoishia. Mambo mawili huwakwaza watu hapa. Kwanza, kuki ya ukurasa unaofuata huja pamoja na ule ujumbe wa mwisho, kwa hiyo usipoumaliza ukurasa hadi `hasMore()` iseme hapana, hutaipata. Pili, kuki ni ya muunganisho uleule. Ukichukua muunganisho mwingine kutoka kwenye hifadhi ya miunganisho katikati ya kurasa, seva itaikataa. Baada ya kumaliza, ondoa kidhibiti kwenye `ctx`, la sivyo utafutaji unaofuata utajikuta nao umekatwa kurasa na hujui kwa nini.

Kama umeweka kurasa na bado unakatwa kwenye 500, basi huenda seva ni OpenLDAP na msimamizi hajaachia jumla ya kurasa. Kule kikomo kikali huhesabu jumla yote hata ukisoma kidogokidogo. Hapo msimbo wako hauna kosa. Usijaribu kuzunguka kwa kutafuta herufi A, kisha B, kisha C. Nimeuona ujanja huo, na nikamwona pia mwenye jina lililoanza kwa alama ya mkato akipotea kabisa. Mwombe msimamizi akuongezee kikomo kwa akaunti ya programu yako peke yake.

Jambo moja la kufanya leo, hata kabla ya kutengeneza chochote: kama programu yako inafuta, inazima au inaondoa kitu kwa kutegemea nani *hayupo* kwenye matokeo, isimamishe. Iandike upya ikusanye kwanza, isikie namba sifuri, ndipo itende. Sisi tuliongeza na breki: idadi ikishuka zaidi ya asilimia tano kutoka ya jana, haigusi kadi hata moja mpaka mtu wa kweli aseme endelea.

## Dalili: `PartialResultException` inatokea mwishoni, ilhali maingizo yote yamekuja

Hii ni ya Active Directory karibu kila mara, na hutokea ukitafuta kuanzia mzizi wa domeni. Ujumbe ni `Unprocessed Continuation Reference(s)`. Seva imekupa ilichonacho, kisha ikakuambia kuna sehemu nyingine za saraka ziko kwingine, kaulize huko: kawaida DomainDnsZones, ForestDnsZones na Configuration. JNDI ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, `java.naming.referral` huwa `ignore`, na huiomba seva isitume rejea. Active Directory hutuma tu. JNDI nayo haiwezi kukuficha, kwa hiyo hutupa hitilafu baada ya ingizo la mwisho.

Angalia kwanza kama kweli unahitaji kuanzia mzizini. Watu wako kwenye OU (tawi la saraka) moja au mbili? Anzia huko, rejea zote zinapotea. Hilo hutatua kesi nyingi na halina madhara.

Kama lazima uanzie mzizini, njia ya pili ni kuuliza Global Catalog, nakala ya muhtasari wa saraka yote, bandari 3268, au 3269 kwa TLS, badala ya 389 na 636. Ila Global Catalog haina sifa zote za mtu. Kagua kama zile unazosoma zimo, usije ukapata majina bila namba za idara ukaanza safari nyingine.

Kuweka `java.naming.referral` iwe `follow`, yaani JNDI izifuate rejea, ni njia ya tatu, na mimi siipendi. Programu itajaribu kuyafikia majina ya seva yaliyo ndani ya rejea, na kama DNS ya mashine yako haiyajui, utatoka kwenye hitilafu moja ya haraka ukaingia kwenye hitilafu nyingine ya polepole. Kuna pia wanaoikamata `PartialResultException` na kuendelea. Ukijua kwa hakika rejea zinaelekeza kwenye kanda za DNS usizozihitaji, sawa, ikamate hiyo peke yake, iandike kwenye logi, endelea. Usikamate `NamingException` nzima kwa jina lake. Ukifanya hivyo, na ile namba 4 ya juu umeimeza pia.

## Dalili: inasoma kidogo, halafu kimya

Programu haifi, haiendelei, logi hazisogei. Mtu anaiua asubuhi, inaendelea vizuri siku mbili, inakwama tena.

Sababu ya kawaida: hukuweka muda wa kusubiri. JNDI bila `com.sun.jndi.ldap.read.timeout` husubiri jibu milele, na hapa milele ni milele kweli. Weka mbili:

```java
env.put("com.sun.jndi.ldap.connect.timeout", "5000");
env.put("com.sun.jndi.ldap.read.timeout", "30000");
```

Ni milisekunde, na ni maandishi ndani ya alama za kunukuu, si namba tupu. `setTimeLimit` haichukui nafasi ya hizi: hiyo ni ahadi unayoiomba seva, na seva iliyonyamaza haina wa kuitimiza.

Ili kuhakikisha ndiyo yenyewe kabla ya kubadilisha kitu, piga `jstack`, chombo cha Java kinachoonyesha kila uzi umesimama wapi, kwenye programu iliyokwama. Ukiona uzi wako umesimama kwenye `com.sun.jndi.ldap.Connection.readReply`, basi unangoja seva. Ukiona umesimama kwingine, kwa mfano kwenye hifadhidata yako mwenyewe, wasamehe watu wa saraka na uangalie nyumbani kwanza.

Nyuma ya ukimya huu mara nyingi kuna fayawoli iliyousahau muunganisho wako bila kukuambia. Nyaya za chini ya bahari zinapandia hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM zote tangu 2009, wageni wakija tunawaonyesha fahari hiyo. Lakini kipande kati ya ofisi ya Nyali na seva ya kampuni mjini ndicho kinachotuangusha.

## Dalili: `connection closed` katikati ya kitanzi

Hapa angalau unaambiwa. Huja kama `CommunicationException` au `ServiceUnavailableException`, na watu hukimbilia kulaumu mtandao. Mtandao ni sababu ya tatu kwenye orodha yangu.

Ya kwanza ni msomaji mvivu. Ndani ya kitanzi, kwa kila mtu, programu inatuma barua pepe, inaandika hifadhidata, inaita huduma nyingine. Kila ingizo linachukua sekunde mbili. Seva haikuajiriwa kukungoja: Active Directory kwa chaguo-msingi hukata utafutaji unaozidi sekunde 120, na muunganisho uliokaa bure kwa sekunde 900 huufunga. Pima tu: ondoa kazi yote ndani ya kitanzi, acha kuhesabu peke yake. Ikimaliza kwa sekunde chache bila kukatika, umempata mwizi. Tiba ni kusoma ukurasa mzima kwenye orodha, kuufunga, kisha kufanya kazi nzito nje. Ila usikae na ukurasa mmoja dakika kumi na tano kabla ya kuomba unaofuata. Kuki yako itakuwa imezeeka. Kama kazi ni nzito hivyo, kusanya zote kwanza.

Ya pili: mtu mwingine kaufunga muunganisho. Miunganisho ikishirikiwa na nyuzi kadhaa, uzi mmoja unaita `close()`, mwingine unaona mkeka umevutwa. Kila uzi na `ctx` wake.

Kuhusu kujaribu tena: usiendelee pale ulipoishia. LDAP haikuahidi kwamba maingizo yatakuja kwa mpangilio uleule mara ya pili. Tupa ulichokusanya, fungua muunganisho mpya, anza mwanzo, na uweke mapumziko kati ya majaribio. Majaribio matatu yanatosha. La nne ni kuisumbua seva ambayo labda tayari ina matatizo yake.

## Dalili: logi zinajaa hitilafu ileile mpaka diski inaisha

UnboundID ina `LDAPEntrySource`, ambayo husoma ingizo moja moja kwa `nextEntry()`. Ikirudisha `null`, umefika mwisho. Msimbo ninaoletewa huwa hivi: `while (true)`, ndani yake `try`, na kwenye `catch` mtu kaandika kila hitilafu kwenye logi kisha `continue`. Muunganisho ukifa, `nextEntry()` hukutupia hitilafu badala ya ingizo. Kitanzi kinaweza kuzunguka usiku kucha kama daladala lisilo na abiria.

Maktaba yenyewe imekupa jibu. `EntrySourceException` ina `mayContinueReading()`. Ikisema ndiyo, kama inavyokuwa kwa `SearchResultReferenceEntrySourceException` ambayo ni rejea tu, ruka uendelee. Ikisema hapana, toka, na uyahesabu matokeo yote kuwa pungufu. Kisha funga chanzo kwenye `finally`, hata ulipotoka vibaya. Na muunganisho unaoupa `LDAPEntrySource` usiwe ule uliowekwa hali ya kusubirisha, yaani `synchronous mode`, hautakubaliwa.

## Dalili: kumbukumbu inaisha, au miunganisho inaisha

Kwenye Java tumezoea `try` inayofunga vitu yenyewe. `NamingEnumeration` haimo kwenye mkataba huo, wala `Context`. Zote mbili si `AutoCloseable`. Lazima `close()` kwa mkono. Ukitoka kitanzini mapema kwa `break` bila kufunga, muunganisho hubaki umeshikwa hata ukiwa umefunga `ctx`. Angalia kila `return` na kila `break` ndani ya kitanzi.

Kama umefunga kila kitu na bado kumbukumbu inajaa, seva inakutumia haraka kuliko unavyosoma na majibu yanapangwa foleni ndani ya programu yako. Kurasa hutatua. Kuna pia `com.sun.jndi.ldap.search.replyQueueSize` ya kuiwekea foleni mpaka, lakini mimi huanza na kurasa.

## Dalili: kundi kubwa linaonekana halina wanachama

Hakuna hitilafu, namba ya mwisho ni sifuri, na `member` ni tupu. Active Directory hutoa thamani 1500 kwa mara moja; zikizidi, huzileta kwa jina jingine, `member;range=0-1499`, na sehemu inayofuata uiombe mwenyewe kuanzia 1500. Chapisha majina ya sifa zote zilizokuja, utaliona.

## Wapi uache mkono

Namba 49, yaani jina au nenosiri limekataliwa: jaribu mara moja tu. Programu inayojirudia yenyewe inaweza kuifunga akaunti ya huduma, na mifumo mingine inayotumia akaunti hiyohiyo ikalala nayo. Zima ratiba, kisha piga simu.

Namba 50, huna ruhusa: usiombe upewe akaunti ya msimamizi mkuu ili "ijaribiwe kidogo". Omba ruhusa ya kusoma zile OU na sifa unazozitaja.

Hitilafu za cheti kwenye bandari 636: usizime ukaguzi wa cheti hata kwa siku moja. Nywila zinapita humo.

Na usiguse MaxPageSize wala kuizima na kuiwasha seva ya saraka, hata kama una njia ya kuingia. Watu wote wa jengo huingilia kompyuta zao kupitia seva hiyo. Vilevile ukiuliza seva mbili za saraka moja swali moja, ukapata idadi mbili tofauti, na zote zimesema sifuri, hilo ni tatizo la kunakiliana kwao; mwachie mwenye saraka.

Unapompigia, usimwambie "LDAP haifanyi kazi". Mpe saa kamili ya tukio, mzizi uliotafutia, kichujio, akaunti, bandari, idadi ya maingizo yaliyokuja kabla ya kukatika, na namba ya mwisho. Yule wetu, nilipompa hayo yote kwenye karatasi moja, alinijibu kabla kahawa yangu haijapoa.